Nzuri, Ila

Juzi walikuja kwangu hapa Masuguru, Korogwe, vijana wawili, binti na kijana wa kiume, wamevaa fulana za kufanana na mikononi wana simu zenye maswali ndani yake. Walinipa shikamoo safi kabisa, nikawakaribisha, wakakaa. Binti akaniuliza, "Mzee, kuanzia moja mpaka tano, umeridhika na huduma kwa kiwango gani?" Nikamjibu tano. Akagusa simu yake, akashukuru, wakaaga. Walipokwisha kukata kona ya nyumba ya jirani ndipo nilipokumbuka kwamba sikuwauliza huduma gani.

Mke wangu alikuwa barazani akipeta mchele. Alicheka mpaka ungo ukamponyoka. "Wewe!" akasema. "Bwana Asilimia mwenyewe, leo unajibu tano hata swali hulijui!" Ana haki ya kunicheka. Mtu aliyemaliza ujana wake akiwafuata watu vijijini na maswali, leo kaulizwa moja tu na limemshinda. Kwa hiyo nawaandikia ninyi wajukuu zangu mnaojitolea kwa elimu yenu ya hesabu ili kuzisaidia taasisi za hisani zijue kama kazi zao zinamfaa mtu. Msidhani mimi ni bingwa. Ni kwamba sijakutana na mwingine aliyeikosea kazi hii kwa namna nyingi kama mimi, na makosa mazuri kama yale ni hasara kwenda nayo kaburini.

Kazi iliyonilisha ilikuwa ukarani wa takwimu katika shamba moja la mkonge jirani na Korogwe. Nilipima majani yanayoingia korona, ile mashine ya kuyasaga, na singa, yaani nyuzi zake, zinazotoka upande wa pili. Hilo jina la Bwana Asilimia nilijipa mwenyewe, halafu nikaeneza habari kwamba nimepewa na wenzangu. Nilikuwa na rula ya kukokotolea, ile yenye ulimi unaoteleza katikati, na niliichomeka kwenye mfuko wa shati ili kila mtu aione. Nilikwenda nayo hata msikitini, mpaka imamu akaniuliza kama nakusudia kuzipigia hesabu rakaa zake.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, kila mtu akiitwa ndugu, na kujitolea kulikuwa kama hewa. Waliochimba mitaro walichimba, waliofyatua matofali walifyatua. Mimi na jembe hatukuwahi kuelewana tangu utotoni. Nikajitolea hesabu, nikajisemea kwamba hiyo nayo ni jasho. Jasho lenyewe lilikuwa la kupanda baiskeli kwenye jua la Handeni, na hilo sikulijua mapema.

Aliyenichukua ni Mama Nakijwa. Huyu alikuwa mkunga mstaafu, Mshambaa mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na aliongoza chama kidogo cha hisani kilichokuwa na chumba kimoja hapa hapa Masuguru. Chama kilisaidia darasa la ushonaji pale Mkata, birika la kunyweshea mifugo kwenye tambarare kavu, na pampu za mkono kwenye visima vya vijiji vichache. Msaada ulitoka kwa wafadhili wa ng'ambo, na wafadhili wale walikuwa wameanza kuuliza swali jipya: hizi kazi zenu zimebadilisha nini?

"Bakari," akaniambia, "wewe si ndiye unayejua hesabu? Njoo uwajibu."

Nilimjibu mara moja. Niliandaa taarifa nzuri, yenye mistari iliyonyooka, juu ya kila kitu tulichotoa: pampu, vyerehani, saruji, vitambaa. Mama Nakijwa akaisoma mpaka mwisho, akavua miwani.

"Hapa umeandika tulichotoa. Walichopata kiko wapi?"

"Si ndicho hicho hicho, mama?"

"Huko shambani kwenu, mkishapeleka majani korona, mnauza majani?"

Nilikuwa naifanya kazi ile kila siku. Lundo la majani linaingia, singa kidogo zinatoka, na mengine yote yanaondoka na maji ya mtaro yakinuka. Nilijua kabisa kwamba hakuna anayempongeza mtu kwa ukubwa wa lundo la majani. Lakini nilipohama kutoka mkonge kuja kwa binadamu, akili niliiacha getini.

Kabla sijafika kwenye pampu, acheni niwaambie juu ya mikono ya gauni, maana mke wangu atanuna nikiliruka hilo. Wanawake wa darasa la Mkata walitaka kipimo cha kukatia gauni za kuuza. Mimi ambaye sijawahi hata kutunga uzi kwenye sindano nikasimama, nikasema hilo ni jambo dogo kwa hesabu. Nikawapima mikono wote, mirefu kwa mifupi, nikajumlisha, nikagawanya, nikapata wastani. Mwalimu wao alinong'ona kwamba kila mtu ana mkono wake. Nikamwonyesha rula, akanyamaza. Gauni zikakatwa zote kwa wastani wangu na hazikumkaa hata mmoja. Wenye mikono mirefu walionekana kama wamevaa nguo za wadogo zao, wenye mifupi walikunja kunja kama wanaokwenda kuosha vyombo. Baadaye nilialikwa harusi pale pale Mkata, nikaiona mikono yangu ikipita na masinia ya pilau. Nilimwambia Mama Nakijwa kwamba angalau matokeo ya kazi yetu sasa yanaonekana kwa macho. Hakucheka.

Shikeni hilo: mtu wa wastani hajazaliwa bado. Mkimtafuta mtachakaza viatu. Na tukiwa kwenye viatu, msivae vinavyong'aa mkienda kuuliza watu hali zao, maana mtajibiwa kufuatana na viatu. Na msimuulize mtu mbele ya mwenyekiti wa kijiji, hata kama mwenyekiti ni mwema. Mbele ya mwenyekiti kila mtu anaishi vizuri.

Kwenye birika la mifugo nilipata somo ambalo sikulielewa mpaka nilipoumia. Nilimkuta Mzee Saitoti, mfugaji, amesimama kwa mguu mmoja akiegemea fimbo, ng'ombe wake wanakunywa. Nikamwamkia, kisha nikamuuliza ni wangapi wanaokunywa pale. Akatazama mawingu. Nikarudia kwa sauti kubwa, nikidhani masikio yamechoka. Basi nikanyoosha kidole, nikaanza kuwahesabu mwenyewe, moja, mbili, tatu. Mzee akaja taratibu, akakishika kidole changu na kukikunja.

"Kijana, hatuhesabu ng'ombe kwa kidole. Unawaita fisi."

"Sasa mzee, jioni unajuaje kwamba wote wamerudi?"

"Namjua ambaye hajarudi."

Nikaandika kwenye karatasi zangu kwamba idadi haijulikani kwa sababu ya mila. Nilijiona nimeandika neno la kisomi. Kumbe yule mzee alikuwa amenipa swali bora kuliko yote niliyokuwa nayo, nami nikalipita kama jiwe njiani.

Sasa tufike Kwedilima. Hiki kilikuwa kijiji cha ujamaa, mwendo wa baiskeli kutoka Mkata, nyumba zimepangwa mstari na pampu yetu katikati. Watu wake ni wakulima wa Kizigua, waungwana sana, na uungwana wao ndio uliokuja kunivua nguo. Ninyi mnajua kwamba kwetu huwezi kumrukia mtu na maswali kama kuku anavyoyarukia mahindi. Utamwamkia, utauliza habari za nyumbani, za shamba, za watoto, za mvua. Yanachukua muda, na mimi nilitaka kuliwahi basi la Korogwe. Basi nikabuni werevu mmoja ambao nilijipongeza kwao njia nzima: maswali yangu nitayatia ndani ya salamu.

Mwenyekiti, Mzee Mhando, alinipokea na wazee wenzake. Nilianza.

"Habari za hapa, mzee?"

"Nzuri."

"Habari za watoto?"

"Wazima."

"Habari za maji?"

"Nzuri."

"Na za pampu?"

"Nzuri, ila..."

"Alhamdulillahi," nikasema, nikaandika.

Akaja Bi Zaina, mjane mmoja mwenye kanga iliyopauka na macho makali. Alikaa jirani na pampu, kwa hiyo nilimwona shahidi mzuri. Nikamwamkia, nikamuuliza habari za maji. "Salama, mwanangu," akasema, "ila..." Lakini kalamu ilikwisha kufika mwisho wa mstari. Akaingia nyumbani kwake, akaniletea maji katika kata, masafi, ya baridi. Nikanywa yote. Nikaomba kata ya pili nikanawa uso, maana vumbi la njiani lilikuwa limeniharibia sura. Nikaandika: maji ni safi na matamu.

Niliona pia kwamba pale mkutanoni hapakuwa na wanawake vijana. Nikadhani wako shamba. Sikuuliza. Kidole alichokikunja Mzee Saitoti kilikuwa kimekunjwa bure.

Wajukuu zangu, jambo hili mgeni kutoka mbali angesamehewa. Mimi nimezaliwa humu. Sote tunajua tunavyoitikia. Mtu yuko matangani, ukimuuliza habari atasema nzuri, ila tumefiwa. Mtu nyumba imeungua, atasema nzuri, ila jana tumelala nje. Hiyo nzuri ni mlango tu anaokufungulia kwa heshima, habari yenyewe iko ndani na inaanzia kwenye ila. Mimi nilifika mlangoni, nikaandika ripoti ya nyumba nzima, nikapanda baiskeli. Hata wale vijana wa juzi, wangengoja kidogo tu, wangeisikia ila yangu: kwamba bomba la mtaa huu lina siku zake za kukasirika. Lakini walikuwa na nyumba nyingine za kufikia, kama mimi na basi langu.

Ripoti yangu ilisema hali ni nzuri kila mahali. Kamati ya chama ilipiga makofi, na katibu wetu akaipeleka posta siku ile ile. Kisha kamati ikaamua jambo la busara kabisa, kama ripoti ingekuwa ya kweli. Tulikuwa na fundi mmoja wa pampu, Hamza, na kreti moja la vipuri, hasa zile ngozi za mviringo zinazokaa ndani ya pampu na kuvuta maji. Kwa kuwa Kwedilima mambo ni mazuri, Hamza na kreti lake waende Mnyuzi, ambako watu walikuwa wakililia pampu yao mbovu siku nyingi. Zilikuwa ngozi za mwisho. Zikishafungwa Mnyuzi, nyingine zingengoja meli, na kiangazi hakingoji meli. Shangazi yangu Mwanaisha alikaa Mnyuzi, akatangaza kwa majirani kwamba pampu itatengenezwa kwa sababu ya mwana wa kaka yake. Sikukanusha.

Hamza alikuwa aondoke kwa garimoshi la asubuhi. Siku moja kabla, mimi nikatumwa Kwedilima kuwapongeza wananchi na kuwaambia kwamba wamekomaa, fundi hatakuja tena.

Nilihutubia. Nilisema maneno makubwa juu ya kujitegemea, na mengi yao niliyaokota redioni. Watu wakapiga makofi, kwa sababu kwetu anayehutubia hupigiwa makofi hata akitangaza njaa. Mzee Mhando akasimama kujibu.

"Ndugu mgeni, tunashukuru sana. Ila..."

Nikainua mkono nikitabasamu. "Mzee wangu, leo hakuna ila! Leo ni furaha tu."

Akakaa. Mungu anisamehe, alikaa kweli.

Nikachukua baiskeli yangu niondoke. Tairi la nyuma lilikuwa limelala chini, mwiba wa Handeni umelipitia. Sikuwa na wasiwasi, nilikuwa na kiraka na solusheni, ile gundi yake. Nikafungua tairi, nikatoa mpira wa ndani, nikaujaza upepo, nikasema kwa sauti ya mtu mwenye haraka, "Naomba beseni la maji nitafutie pancha."

Hakuna aliyetikisika. Wazee walitazama chini. Nikadhani hawajasikia, nikarudia. Bi Zaina ndiye aliyejibu.

"Maji ya pancha?"

"Ndiyo, mama. Beseni moja tu."

"Njoo uyachote mwenyewe."

Akanishika mkono kama mtoto, akanipeleka kwenye pampu. Nikakamata mpini, nikasukuma chini. Ukashuka bila uzito wowote. Nikasukuma tena na tena, mpini ukipanda na kushuka kama kichwa cha punda anayefukuza nzi, na kwenye mdomo wa bomba hakikutoka hata kitone. Watu wote wa Kwedilima waliokuwa wamenipigia makofi walisimama wakinitazama nikipampu hewa. Nilikuwa nimekuja kuwapongeza kwa maji, nikakosa maji ya kuzibia pancha.

"Imeharibika lini?" nikauliza.

"Ulipokuja mara ya kwanza ilikuwa imekwisha kufa," akasema Bi Zaina. "Wanawake walikuwa korongoni wanafukua mchanga. Hata sasa wako huko. Binti yangu Mwanahamisi yuko huko na mimba yake ya kwanza, tumbo limefika hapa, anainama kwenye shimo."

"Mama, nilikuuliza habari za maji. Ukaniambia salama."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

"Ulinisalimia, nikakuitikia," akasema. "Ungeniuliza, ningekujibu."

Nikatafuta mahali pa kukimbilia, nikakumbuka ile kata. "Lakini mama, maji yale uliyonipa yalikuwa safi."

"Yalikuwa ya mvua. Niliyaweka kwenye mtungi kwa ajili ya siku ya Mwanahamisi, mtoto asije akaogeshwa tope. Lakini mgeni akija utampa nini?"

Wajukuu zangu, kata ya kwanza nilikunywa. Kata ya pili nilinawa uso. Nilisikia aibu ikipanda kutoka miguuni, nikatamani rula ile iwe jembe nijichimbie shimo.

Nikamwahidi Bi Zaina kwamba nitamrudisha fundi. Hakuniitikia, na sikumlaumu. Mzee Mhando aliuchukua mpira wangu, akaupitisha polepole karibu na midomo mpaka aliposikia upepo unampuliza, akaweka alama kwa ukucha. Tukaziba. Nikaondoka Kwedilima bila kuaga vizuri, nikafika Mkata basi limekwisha kwenda. Nikabembeleza lori la mahindi, nikapanda juu ya magunia na baiskeli yangu, na njia nzima nilikuwa nikitunga maneno ya kusema. Yote yalianza na "kwa mujibu wa takwimu". Nikayatupa yote barabarani.

Nilifika Masuguru jua linazama. Hamza alikuwa barazani kwa Mama Nakijwa akipigilia misumari kwenye kreti. Katibu wetu alikuwepo pia, mtu nadhifu anayependa mambo yaende. Niliwaeleza yote, pampu, korongo, kata. Nilipomaliza, katibu akashusha pumzi.

"Ndugu Bakari, ripoti imeshakwenda. Leo tukisema tulikosea, wafadhili watatuambia hatujui kazi, watatuacha. Hapo tutakosa vipuri vya Kwedilima na vya Mnyuzi vyote. Tungoje ngozi nyingine zije. Kijiji kimevumilia mpaka leo."

Hakuwa mtu mbaya. Na kusema kweli, sehemu moja ya moyo wangu ilimpigia makofi, sehemu ile iliyokuwa imejipa jina la Bwana Asilimia na kulieneza. Nani atamwita mtu jina hilo tena baada ya haya?

Mama Nakijwa akanigeukia mimi. "Ripoti ni yako. Wewe unasemaje?"

Nilikuwa nimetunga hotuba, nimezitupa, sikubakiwa na kitu. Nikasema lililokuwa kooni.

"Mama, nilinawa uso kwa maji ya kuzalia."

Mkunga yule mstaafu akavua miwani yake, akaifuta kwa pindo la kanga, ingawa haikuwa na vumbi.

"Hamza," akasema.

"Naam, mama."

"Mzigo huo usiupeleke stesheni. Kesho unapanda basi la Mkata."

"Na Mnyuzi?"

"Mnyuzi nitakwenda mimi kuwaomba radhi. Na wewe, mghosi," akaniita bwana kwa Kishambaa, akininyooshea miwani, "kaa hapo uandike ripoti nyingine. Na kila ulipoandika nzuri, utuwekee ila yake."

Nikaiandika. Haikupendeza hata kidogo. Mistari ilirefuka, ikatoka kwenye safu, pahala pengine sentensi nzima ya mtu ilibidi iingie kama alivyoisema. Sikupata asilimia hata moja ya kujivunia. Wafadhili wengine walituacha kama katibu alivyosema, na yeye hakuacha kunikumbusha. Waliobaki walituamini kwa sababu ya ripoti ile ile, lakini msidhani ukweli hulipa papo kwa papo. Mnyuzi walikosa pampu kiangazi kizima. Nilipokwenda kumwamkia shangazi Mwanaisha, alinipa maji ya mto katika kopo la bati, akanitazama mpaka nikayamaliza. "Kunywa, baba," akasema. "Ni mazuri." Sikuthubutu kungoja ila.

Hamza aliifungua pampu ya Kwedilima akakuta ngozi imekauka na kupasuka kama soli ya kiatu kilichosahauliwa juani. Akaweka mpya. Mimi nilikuwa shambani siku hiyo napima majani, nikaambiwa tu kwamba maji yametoka. Baadaye nikasikia kwamba Mwanahamisi amejifungua salama. Hata hivyo nilijivuta mpaka mwezi ukaandama kabla sijapata moyo wa kurudi kule.

Nilifika wakiwa wamekusanyika, wanawake vijana nao wamo, kwa kuwa safari hii nilikuwa nimetanguliza ujumbe kuuliza nani huwa hayupo na saa gani. Sijasema neno, Bi Zaina akatoka nyumbani kwake, mjukuu amefungwa mgongoni, mikononi kabeba beseni limejaa mpaka ukingoni, maji yakimwagikia vidoleni. Akaliweka miguuni pangu mbele ya kijiji kizima.

"Haya mwanangu. Tafuta pancha."

Tairi zangu zote mbili zilikuwa zimejaa upepo, ngumu kama mawe. Lakini mgeni akipewa hakatai. Nikaipindua baiskeli, nikalifungua tairi la nyuma, nikautoa mpira, nikautumbukiza kwenye maji kidogo kidogo, nikitafuta kwa makini pancha ambayo haikuwepo. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Nami nilicheka, na machozi yakanilenga, sioni haya kuyasema.

Nilipomaliza kufunga tairi nikakausha mikono, nikamwamkia upya kama inavyopasa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za pampu?"

"Nzuri," akasema Bi Zaina, akimpandisha mtoto mgongoni. "Ila..."

Nikavuta kigoda, nikakaa.